DEDAN KIMATHI: JEMADARI ALIYEKOSA WA KUMWAMINI

Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii hunijia kila ninapopita karibu na gereza la Kamiti, ambalo si mbali na kwetu Mwiki. Huko ndiko Dedan Kimathi alikonyongwa na kuzikwa bila alama yoyote.

Kimathi alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 huko Nyeri. Alisoma, akafundisha shule, kisha akawa katibu wa tawi la chama cha KAU. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, aliingia msitu wa Nyandarua. Mkoloni aliwaita yeye na wenzake genge la wahalifu. Sisi twawaita wapigania uhuru.

Zamani nilidhani kilichowamaliza ni zile ndege na mabomu ya Waingereza. Kumbe wapi! Kilichowatafuna zaidi ni kutoaminiana.

Stanley Mathenge alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia, lakini hakuwa na kisomo. Upande wake ulinung'unika kwamba waliosoma wamenyakua uongozi wote. Mwaka 1955 watu wa Mathenge walianza mazungumzo na serikali bila idhini ya Kimathi. Kimathi akashuku kwamba wanamuuza, akaamuru wakamatwe. Wakatoroka, mazungumzo yakavunjika, na tangu hapo nyumba ikawa mbili. Mathenge mwenyewe alipotea mwaka huohuo, asionekane tena.

Mkoloni naye hakulala. Aliwachukua wapiganaji waliojisalimisha, akawarudisha msituni wakiwa na nywele zao ndefu na nguo zilezile kuukuu, wawasake wenzao. Sasa hebu fikiria, msomaji: mtu uliyekula naye kiapo anakuja kukusalimia, nawe hujui ni ndugu au ni mauti. Kimathi alizidi kuwashuku hata wa karibu, na kadiri alivyowashuku ndivyo walivyompungukia.

Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi na kukamatwa akiwa peke yake. Aliyempiga hakuwa Mzungu, bali askari Mwafrika. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 36.

Mimi simlaumu, kwani hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini nimejifunza kwamba adui akishapanda shaka kati yenu, hana haja ya risasi nyingi. Wanachama wenzangu, tuaminiane. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.