Maji ya Kijani ya Bahari ya Greenland

William Scoresby alizaliwa mwaka 1789 karibu na Whitby, Uingereza. Baba yake alikuwa nahodha wa meli ya kuwinda nyangumi, naye alimchukua hadi bahari ya barafu alipokuwa na umri wa miaka 10 tu. Kijana alisoma sayansi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1811 akawa nahodha mwenyewe.

Wawindaji walijua kwamba nyangumi hupatikana zaidi penye maji ya kijani kuliko penye maji ya bluu. Scoresby alitaka kujua sababu. Alipoyachunguza maji hayo kwa hadubini, alikuta yamejaa viumbe wadogo mno, akakadiria 64 katika inchi moja ya ujazo. Katika kitabu chake cha mwaka 1820 alieleza kwamba maji ya kijani yalifunika karibu robo ya Bahari ya Greenland kati ya latitudo 74 na 80. Mkondo wa bahari huyasogeza, lakini mwaka hadi mwaka huonekana tena karibu na mahali palepale. Alionyesha pia jinsi wadogo wanavyoliwa na wakubwa wao, hata kumfikia nyangumi. Leo inafahamika kwamba jua linaporudi baada ya majira ya baridi, mimea isiyoonekana kwa macho huongezeka upesi majini, nayo huwalisha wote hao.

Majira ya kuwinda yalikuwa mafupi, na mapato ya mabaharia yalitegemea mafuta ya nyangumi. Hata hivyo Scoresby, aliyeitunza Jumapili kuwa siku yake ya ibada, aliacha kuwinda siku hiyo, hata nyangumi walipoonekana karibu na meli.

Mwaka 1822 alirudi kutoka Greenland akakuta mke wake amefariki. Mwaka uliofuata alisafiri kuwinda kwa mara ya mwisho. Mwaka 1825 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, kisha akawahudumia mabaharia mjini Liverpool. Alifariki mwaka 1857.

Jadilini: Someni Zaburi 104:24-28. Je, kumjua Yeye anayewalisha viumbe wasiohesabika kunatusaidiaje kuacha kazi zetu siku ya ibada, hasa wakati faida iko karibu kabisa na mkono?