Ohno na Kamba ya Kusimamisha Kazi

Magari ya Toyota tunayaona kila siku katika barabara zetu, na wenye viwanda duniani kote wanalijua jina la marehemu Taiichi Ohno, aliyeunda njia ya kuyatengeneza. Alizaliwa mwaka 1912 mjini Dalian, China, uliokuwa mikononi mwa Wajapani, akafariki mwaka 1990.

Mwaka 1932 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi na nguo cha ukoo wa Toyoda. Huko aliikuta mitambo ya kufumia iliyobuniwa na mzee Sakichi Toyoda, ambayo uzi ukikatika husimama yenyewe, isiendelee kufuma nguo mbovu. Mwaka 1943 akahamia kiwanda cha magari, na fikra hiyo akaenda nayo.

Zama hizo viwanda vingi viliuiga mkanda wa Henry Ford, ulioanza Marekani mwaka 1913. Gari husogezwa mbele ya mfanyakazi, naye hukaza nati ile ile kutwa. Akiona kasoro huiacha ipite, kwani kuusimamisha mkanda si kazi yake. Vipuri navyo hutengenezwa kwa malundo, vikalala ghalani.

Japani iliyoshindwa vitani mwaka 1945 haikuwa na mtaji wa kulaza. Kwa hiyo Ohno akayageuza mambo. Mfano aliutoa katika maduka makubwa ya Marekani, ambako rafu hujazwa tena kwa kadiri wanunuzi walivyochukua. Kiwandani, karakana ya mbele ndiyo inayodai vipuri kwa ile ya nyuma, kwa kadi iitwayo kanban, na pasipo kadi hakitengenezwi kitu. Juu ya mkanda ikatundikwa kamba. Mfanyakazi yeyote aonaye kasoro huivuta. Taa huwaka, kiongozi wake hufika, na tatizo lisipotatuka kazi husimama.

Wakubwa nao hakuwaacha. Alikuwa akichora duara sakafuni kwa chaki, akamsimamisha mhandisi humo kwa saa nyingi, aitazame kazi mpaka ajue inakwama wapi. (Zipo ofisi ambazo sisi tungependa kuzipelekea chaki hiyo.)

Katika hayo tunampa haki yake, ila si insafu kuyanyamazia mengine. Ohno huyo huyo aliipanga mitambo ili mtu mmoja ahudumie miwili, kisha mitatu au minne, na mafundi waliozoea mmoja walimpinga. Mwaka 1950, kampuni ilipokaribia kufilisika, ulizuka mgomo mkubwa. Wafanyakazi wengi walipunguzwa, na Kiichiro Toyoda akajiuzulu urais wa kampuni. Mfanyakazi alipewa kamba, lakini kasi ya mkanda iliendelea kupangwa na mwajiri. Mwaka 1972 mwandishi Satoshi Kamata aliingia humo kama kibarua wa muda, akatoka na kitabu kinachosimulia jinsi kasi hiyo ilivyowachosha wenzake.

Ohno alitoa kitabu chake mwenyewe mwaka 1978, akiwa amefikia umakamu wa rais. Baadaye akawa mwenyekiti wa kiwanda kile kile cha nyuzi alikoanzia.