Karamojo Bell, mwindaji aliyejizoeza kwa bunduki tupu

Mpunga ukianza kuiva huko Lusangi na katika vijiji vingine vya Kasongo na Kabambare, watoto wanajua kazi yao: kulinda shamba. Wanapiga makopo, wanapiga kelele, wanatupa mawe. Ndege wanaruka, kisha wanarudi. Nyani wana akili zaidi. Wanakaa mbali, kwenye ukingo wa pori, wanamwangalia mtu mwenye gobori, na wanajua kabisa kwamba chuma kile hakifiki pale walipo. Mwindaji akijaribu hata hivyo, ama baruti inapotea bure, ama mnyama anaondoka na jeraha. Nguruwe ya pori yenye jeraha ni hatari kwa mtu wa kwanza atakayekutana nayo njiani, na mara nyingi mtu huyo ni mama anayeenda shamba asubuhi na kikapu mgongoni.

Namna ya kumpiga mnyama wa mbali kwa risasi moja tu ni jambo ambalo mtu mmoja alilitafuta maisha yake yote. Aliitwa Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskoti, na dunia ya wawindaji inamfahamu kwa jina la Karamojo Bell. Tunamleta kwenye ukurasa huu kwa sababu alijulikana kwa shabaha kuliko karibu wawindaji wote waliopita Afrika Mashariki, na kwa sababu sehemu ya maisha yake ilipita kwenye nchi iliyokuwa chini ya Bula Matari, wakati mfalme Léopold II alikuwa bado hai.

Bell alizaliwa tarehe 8 Septemba 1880, karibu na mji wa Edinburgh. Mama yake alikufa angali mtoto mdogo, baba naye akafuata miaka michache baadaye. Kaka zake wakamlea, ama tuseme walijaribu kumlea, maana kijana alikuwa mkorofi. Shuleni hakutulia, alitoroka, na akiwa na umri wa miaka 13 akaingia kwenye kazi ya meli. Kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: kuwinda tembo Afrika.

Mwaka wa 1897 akafika Mombasa. Wakati huo Waingereza walikuwa wanajenga reli ya kwenda Uganda, na simba walikuwa tatizo kubwa kwa wafanyakazi. Kijana huyu, ambaye hata miaka 17 alikuwa hajatimiza, akapata kazi ya kuwapiga simba hao. Silaha yake ilikuwa bunduki ya Fraser, yenye kuingia risasi moja kwa mara moja. Ilikuwa na kasoro mbaya: joto likizidi, ganda la risasi lilinata ndani na kukataa kutoka. Fikiria uko mbele ya simba, umepiga mara moja, na bunduki imegeuka fimbo. Mtu anayeanza kazi kwa silaha ya namna hiyo anajifunza haraka kwamba risasi ya kwanza ndiyo risasi.

Hakukaa sana. Alivuka bahari hadi Kanada, kwenye eneo la Yukon, ambako watu walikuwa wanakimbilia dhahabu. Dhahabu hakuipata, lakini alipata riziki kwa kuwinda nyama ya kuuzia wachimbaji wa mji wa Dawson. Mshirika wake akamdanganya na kuondoka na pesa zote. (Watu wetu wanaofanya kazi kwenye machimbo ya Maniema hawatashangaa.) Akiwa hana kitu, akajiunga na askari wa Kanada waliopelekwa kwenye vita ya Makaburu Afrika Kusini. Huko farasi wake alipigwa risasi, yeye akakamatwa, akatoroka. Vita ilipokwisha mwaka wa 1902, akarudi Afrika Mashariki kutafuta tembo wake.

Alianzia Mumias, magharibi mwa Kenya ya leo. Mumias ilikuwa kituo cha wafanyabiashara Waswahili wa pembe za ndovu, watu wa desturi ile ile iliyomleta Tippu Tip na wenzake hadi Kasongo miaka mingi mbele yake. Walikuwa wakienda kaskazini, katika nchi ya Wakaramojong, na kurudi na pembe. Bell akafuata njia yao. Aliitafuta sana Karamoja kati ya mwaka 1902 na 1907, na huko ndiko alikopata jina lake. Alitangaza kwamba atatoa ng'ombe kwa yeyote atakayemfikisha kwenye tembo wengi. Kwa wafugaji wale ng'ombe ni kitu kikubwa kuliko shanga na vitambaa, basi habari za tembo zikawa zinamfikia kila siku. Rafiki yake mkubwa na mfuata nyayo wake alikuwa Mkaramojong aitwaye Pyjale, na Bell mwenyewe alikiri kwamba bila watu kama yeye asingefika popote.

Wawindaji wengi wa kizungu wa wakati ule walibebewa bunduki zao. Mtumishi alitangulia ama alifuata nyuma, na bwana alipewa silaha mnyama alipoonekana. Bell alikataa. Alitembea na bunduki yake mkononi, kutwa nzima. Na alipokuwa anatembea, aliitoa risasi, akaiinua bunduki tupu begani, akalenga kitu cha mbali: jiwe, kisiki, ndege anayepita, kisha akavuta kidole. Tik. Akaishusha, akaendelea na safari. Baada ya muda akainua tena. Siku moja, mwezi, mwaka. Mikono yake ilizoea uzito wa chuma hadi bunduki ikawa kama kiungo cha mwili.

Kwa nini bunduki tupu? Mtu yeyote aliyewahi kupiga bunduki anajua siri hii hata kama haisemi. Tunaogopa mlio na teke la begani. Nusu sekunde kabla ya mlio, jicho linajifunga na kidole kinavuta kwa nguvu, mtutu unahama kidogo. Mlio ukishakuja, kosa linafichika ndani ya kishindo na moshi. Mwindaji analaumu baruti, ama upepo, ama uchawi wa jirani. Bunduki tupu haina kishindo, kwa hiyo mtutu ukitikisika unauona kwa macho yako.

Na mtikisiko mdogo ni mkubwa mbele. Hesabu ni rahisi. Kama kati ya alama ya nyuma na alama ya mbele ya kulengea kuna sentimita 60, basi alama ya mbele ikihama milimita 1 tu, kwenye mita 100 risasi inakosea kwa sentimita 17 hivi. Kwenye mita 200 ni sentimita 33. Hiyo ni tofauti kati ya moyo na tumbo. Ongeza kwamba risasi haiendi kama kamba iliyovutwa. Inaanza kuanguka mara inapotoka kwenye mtutu. Risasi ya milimita 7 ya aina aliyoipenda Bell, ambayo ilitoka kwa mwendo wa karibu mita 700 kwa sekunde, inaanguka sentimita 11 hivi ikifika mita 100, na karibu nusu mita ikifika mita 200. Ndiyo sababu alama za kulengea hupangwa kwa umbali fulani, na mtu akitaka kupiga zaidi ya hapo lazima awe ameshajifunza bunduki yake inaangusha kiasi gani, mahali pa mazoezi, si mbele ya mnyama. Gobori yenyewe haina mifuo ndani ya mtutu ya kuizungusha risasi ili inyooke. Kuitumia kwa umbali huo ni kucheza kamari.

Wenzake walimshangaa kwa jambo lingine. Walibeba bunduki nzito zenye risasi nene kama kidole gumba, wakiamini mnyama mkubwa anataka chuma kikubwa. Bell alitumia bunduki nyepesi ya Rigby yenye risasi ya milimita 7. Alisema kwa maisha yake kwamba risasi ndogo iliyofika mahali pake inashinda kubwa iliyokosea, na kwamba bunduki yenye teke dogo haimfundishi mtu woga. Alichagua pia risasi za kiwanda cha Ujerumani, kwa sababu nyingine ziligoma mara kadhaa alipozihitaji. Zile asizoziamini alizimaliza kwa kupiga ndege wakiwa angani, kwa bunduki ya risasi moja moja, na watu waliomwona walidhani ana bunduki ya kutawanya chembe.

Lakini mahali pake ni wapi? Hapa alifanya kazi ya mchinjaji na ya daktari. Alichukua vichwa vya tembo waliokufa akavipasua kwa msumeno katikati, ili aone ubongo umekaa wapi na mfupa ni mnene kiasi gani. Akajifunza kuufikia kutoka mbele, ubavuni, na hata kwa mshazari kutoka nyuma wakati mnyama anaondoka, shabaha ambayo wawindaji wanaiita hadi leo kwa jina lake. Na hata na ujuzi huo wote, hakupenda kupiga tembo kutoka mbali. Alisogea. Alitumia umbali pale ambapo hakukuwa na njia nyingine, na aliandika kwenye daftari kila mnyama na kila risasi, kama mwenye duka anavyoandika mauzo.

Kweli, ilikuwa duka. Tusijifiche hapo. Tembo wa Bell hawakuwa wamekula shamba la mtu. Aliwaua kwa ajili ya pembe, na pembe zilikwenda kuuzwa Ulaya. Hesabu yake ya maisha ni tembo 1,011, karibu wote madume, zaidi ya 800 kati yao kwa ile bunduki ndogo. Watu wanaorudia idadi hiyo kwa sifa wanapaswa kutazama nchi zilizobaki nyuma. Sisi wa Maniema tunajua pembe zilivyotoka hapa, kwanza mabegani mwa watumwa, kisha kwa amri za Bula Matari, na leo mtu anaweza kuzeeka huko Kabambare bila kuona unyayo wa tembo. Mimi nauheshimu mkono wa Bell. Daftari lake linanipa shida.

Mwaka wa 1909 hivi alikuwa Lado, eneo la ukingo wa magharibi wa Nile ambalo Waingereza walikuwa wamempa Léopold alitawale muda wa uhai wake. Bell alikwenda kwa maofisa Wabeleji na kupata kibali chake. Majani ya huko yalikuwa marefu kuliko mtu, na mara nyingine alipanda juu ya mzoga wa tembo wa kwanza ili awaone wengine. Léopold alipokufa Desemba 1909, Lado ikabaki miezi michache kama nyumba isiyo na mwenyewe. Wawindaji wa kila aina walivuka mto na kuua ovyo, mpaka Sudan ilipoichukua mwaka wa 1910. Ukanda wa Mahagi tu ndio uliobaki Kongo, na leo uko Ituri.

Vita ya kwanza ya dunia ilimkuta akiwinda Kongo ya Wafaransa. Alikwenda Uingereza akajifunza kurusha ndege, kisha akarudishwa Afrika kupigana na Wajerumani huko Tanganyika, vita ile ile iliyowapeleka askari wa Force Publique hadi Tabora mwaka wa 1916, na maelfu ya wapagazi kutoka upande wetu. Inasemekana mwanzoni alipenda kuruka peke yake, bila msaidizi, na bunduki yake ya kuwindia ndani ya ndege. Alipewa nishani ya ushujaa.

Baada ya vita alimwoa Katharine Soares, akarudi Afrika kwa safari chache, akaandika kitabu cha maisha yake ya uwindaji kilichotoka mwaka wa 1923, kisha kingine cha Karamoja mwaka wa 1949. Aliishi kwenye shamba lake la Corriemoillie, milimani Uskoti. Huko hakuna tembo. Kuna paa wakubwa wekundu, na milima iliyo wazi ambako mnyama anaonekana mbali sana. Mzee huyo aliyeua kwa risasi ya milimita 7 akajaribu ndogo kuliko hiyo, yenye mwendo mkali, na akaendelea na tabia zake zile zile: kusogea kadiri inavyowezekana, kungoja mnyama ageuke, kuacha akiwa na shaka.

Kuhusu kuacha, wazee wetu wawindaji nao wanalijua. Huku kwetu kuna sababu moja zaidi ambayo Bell hakuwa nayo. Katika teritwari ambazo watu wamekimbia vita mara nyingi, mlio mmoja wa bunduki unaweza kuufanya mtaa mzima ufunge mizigo usiku. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 inataka kibali, na mwindaji mwenye busara humjulisha pia chifu wa kijiji kabla hajaenda kujaribu alama zake porini. Mazoezi ya bunduki tupu hayamkimbizi mtu, lakini hata hayo yana kanuni: risasi zote ziwekwe mbali, chumba cha bunduki kiangaliwe kwa jicho na kwa kidole, na mtutu usielekezwe kamwe upande wa nyumba ama wa mtu.

Bell alikufa tarehe 30 Juni 1954, akiwa na umri wa miaka 73. Maandishi aliyoyaacha yalikusanywa na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1960, mwaka ambao Kongo ilipata uhuru.