Alan Turing na Mashine Iliyoimba

Alan Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Alisoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alisaidia kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani.

Mwaka 1948 alikwenda Manchester kufanya kazi ya kompyuta. Kompyuta ya huko ilikuwa na kipaza sauti cha kumwarifu msimamizi. Amri moja ilitoa mlio mfupi tu. Lakini amri hiyo ikirudiwa upesi, kwa mwendo usiobadilika, milio iliungana ikawa sauti ya muziki. Turing alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mafunzo. Mwalimu mmoja wa shule, Christopher Strachey, alikisoma, akaifanya mashine ipige wimbo wa taifa wa Uingereza. Mwaka 1951 BBC ilinasa muziki wa mashine hiyo.

Kati ya mlio na mlio mashine ilingoja tu. Ingechelewa kidogo, sauti ingeharibika. Kompyuta za leo hufanya kazi nyingi pamoja, lakini sharti ni lile lile. Kazi za chinichini zikishika zamu wakati sauti inangojewa, wimbo hukatikakatika. Kwa hiyo mafundi hupanga sauti itangulie, nyingine zingoje.

Turing alifariki tarehe 7 Juni, 1954, akiwa na umri wa miaka 41. Wanafunzi wenzangu, tujifunze kwa mashine yake: kazi njema iliyochelewa huweza kuwa sawa na kazi isiyofanywa.