Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa Kwanza wa Kenya

Mtahiniwa, ukiulizwa habari za Oginga Odinga, usikimbilie kuandika kwamba alikuwa mpinzani. Kabla ya upinzani alikuwa mtu wa pili serikalini, na swali gumu huwa hapo: alikuwa na mamlaka gani?

Alizaliwa Bondo mwaka 1911, akasoma Maseno, Alliance na Makerere, akawa mwalimu kisha mfanyabiashara. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka uliofuata alisimama barazani akamtaja Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa kifungoni, kuwa kiongozi halisi wa Waafrika. Hata baadhi ya wenzake walishtuka. KANU iliposhinda uchaguzi wa 1961, Odinga alikuwa mstari wa mbele kukataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajaachiliwa. Shika jambo hili, ndipo utaelewa uchungu wa yaliyofuata.

Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, naye akawa Makamu wa Rais. Soma hapa polepole. Makamu hakupigiwa kura na wananchi kwa cheo hicho. Rais alimteua miongoni mwa wabunge, na Rais huyohuyo aliweza kumwondoa. Tena Wizara ya Mambo ya Ndani, aliyokuwa akiiongoza Odinga, ilipewa Daniel arap Moi. Cheo kilipanda, nguvu ikapungua.

Kenyatta na Odinga walitofautiana kuhusu ardhi na kuhusu urafiki na nchi za kikomunisti. Machi 1966, katika mkutano wa Limuru, KANU ilifuta nafasi yake ya makamu wa rais wa chama na kuweka makamu wanane wa mikoa. Watahiniwa wengi huteleza hapa: kilichofutwa kilikuwa cheo cha chama, si cha serikali. Lakini Makamu wa Rais asiye na chama nyuma yake angefanya nini? Aprili alijiuzulu, akaongoza KPU. Mwaka 1969 KPU ilipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini hadi 1971.

Aliyemrithi, Joseph Murumbi, alikaa miezi michache tu. Moi akashika nafasi hiyo Januari 1967, akanyamaza na kungoja hadi Kenyatta alipofariki mwaka 1978.

Odinga alifariki tarehe 20 Januari 1994. Katiba ya 2010, ambayo Naibu Rais huchaguliwa pamoja na Rais wala Rais hawezi kumfuta kazi, hakuiona.