TUMKUMBUKE ASKOFU MKUU ERICA SABITI

Ndugu wakimbizi wenzetu, nanyi wafanyakazi wa mashirika,

Wakati huu ambapo waumini wa hapa Rubona wanavutana juu ya nani awe kiongozi wao, sisi wa kamati tumeona vema tukumbushane maisha ya Sabiti.

Alikuwa mtu wa Ankole, Uganda, mlokole wa uamsho ule uliowaka Gahini, hapa hapa Rwanda. Mwaka 1966 alisimikwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda na Burundi, baada ya Mwingereza Leslie Brown. Waumini wengi wa Buganda hawakupendezwa. Kanisa kuu la Namirembe lilikuwa kwao, nao walitaka kiti kile kiwe cha Muganda. Hivyo askofu mkuu hakuwa na kiti Kampala. Akabaki na dayosisi yake ya Ruwenzori, Fort Portal. Ugomvi ukakua hata Namirembe ikataka kujitenga.

Novemba 1971 Rais Idi Amin aliwaita maaskofu Kampala, wakapatana. Mwaka 1972 ikaundwa dayosisi ya Kampala, ili askofu mkuu apate kiti bila kumnyang'anya mtu. Sabiti alistaafu 1974, akafuatwa na Janani Luwum. Alifariki 1988.

Tunajifunza kwamba shida ya kiti ilitafutiwa dawa yake, haikuombewa tu. Lakini aliyewakalisha watumishi wa Mungu alikuwa mwanajeshi. Sisi tukae wenyewe, kabla hatujaitwa.

Kamati