Daktari Aliyetazama Sahani

Soma: 1 Wafalme 19:3–8, Danieli 1:8–16, Isaya 58:6–8, 1 Wakorintho 10:31

Eliya aliketi chini ya mretemu akiomba afe. Bwana hakuanza kwa kumkaripia. Alimtuma malaika na mkate na gudulia la maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa akala tena, na kwa nguvu ya chakula hicho akasafiri siku arobaini. Muumba anajua kwamba moyo uliolemewa hukaa ndani ya mwili unaohitaji kulishwa. Karne nyingi baadaye, daktari mmoja wa Marekani aliligundua jambo hilo hilo miongoni mwa watu walioitwa wendawazimu.

Joseph Goldberger alizaliwa mwaka 1874 katika familia ya Kiyahudi, kwenye kijiji kilichoko leo katika nchi ya Slovakia. Alikuwa bado mtoto wazazi wake walipohamia New York na kufungua duka dogo la vyakula katika mtaa wa maskini. Joseph alikua akiwapelekea wateja bidhaa zao, na hivyo alijua mapema kile ambacho maskini hununua na kile ambacho hawawezi kununua. Alihitimu udaktari mwaka 1895, na mwaka 1899 akaingia katika idara ya afya ya serikali. Kazi ya kupambana na magonjwa ya kuambukiza ilimgharimu: yeye mwenyewe aliugua homa ya manjano, homa ya dengi na homa ya tifasi. Mwaka 1906 alimwoa Mary Farrar.

Mwaka 1914 alipewa kazi iliyowashinda wengi. Katika majimbo ya kusini, ugonjwa uitwao pelagra ulikuwa ukiua maelfu ya watu. Mara nyingi ulianza kimyakimya. Mtu mzima aliyekuwa mpole alianza kukosa usingizi, kukasirika upesi, kujawa na wasiwasi na kuzama katika huzuni isiyo na sababu. Kisha ngozi iliyopigwa na jua ilibabuka, tumbo likaharisha, na mwishowe akili ikavurugika. Wengi walipelekwa katika hospitali za wagonjwa wa akili, na wengi walifia humo. Watu walisema ni ugonjwa wa kuambukiza. Wengine walisema ni wa kurithi, aibu ya ukoo. Majirani waliwakwepa wagonjwa.

Goldberger alizitembelea hospitali hizo na kuona jambo ambalo wengine walilipita. Wagonjwa walipata pelagra, lakini wauguzi na watumishi waliokaa nao mchana na usiku hawakuipata. Ugonjwa wa kuambukiza haubagui namna hiyo. Basi akaacha kutafuta vijidudu, akatazama sahani. Wagonjwa walilishwa zaidi unga wa mahindi, asali ya miwa na mafuta ya nguruwe. Watumishi walikula hivyo pia, lakini wao waliongeza maziwa, mayai na nyama.

Alianza na vituo viwili vya yatima katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi. Aliongeza maziwa, mayai, nyama, maharage na njegere katika chakula cha watoto, na ugonjwa ukatoweka karibu kabisa. Kisha akafanya vivyo hivyo katika wodi mbili za hospitali ya wagonjwa wa akili ya Milledgeville, jimbo la Georgia. Mwaka ukapita bila hata mgonjwa mmoja wa wodi hizo kurudiwa na pelagra. Kati ya wale walioendelea na chakula cha zamani, karibu nusu walirudiwa.

Hata hivyo wakosoaji hawakuridhika. Mwaka 1915, katika shamba la magereza la Rankin huko Mississippi, wafungwa wenye afya walijitolea kula kwa miezi kadhaa chakula kama cha maskini wa kusini, na gavana akawaahidi msamaha. Kumi na mmoja walifika mwisho wa jaribio, na sita kati yao wakapata pelagra. Wakosoaji bado walidai kwamba kuna kijidudu. Basi mwaka 1916 Goldberger na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na kumeza vidonge vilivyochanganywa na magamba ya ngozi na kinyesi chao. Mary naye alikubali kudungwa damu hiyo. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua pelagra.

Lakini swali moja lilibaki: kwa nini watu hula chakula kinachowadhuru? Goldberger na mchumi Edgar Sydenstricker walikwenda katika vijiji vya viwanda vya pamba huko South Carolina, wakahesabu mapato ya kila nyumba na chakula chake. Kadiri mapato yalivyopungua, ndivyo pelagra ilivyoongezeka. Watu hawa hawakuwa wazembe wala walafi. Walikula walichoweza kununua, na ardhi ambayo ingewapa maharage na malisho ya ng'ombe ilikuwa imejaa pamba. Mwaka 1921, bei ya pamba ilipoanguka, Goldberger alionya kwamba ugonjwa ungeongezeka. Viongozi wengi wa kusini walikasirika. Waliona aibu kuambiwa kwamba watu wao wana njaa, wakakataa msaada.

Yeye hakuacha. Aligundua kwamba hamira, kitu cha bei ndogo, huzuia pelagra. Mafuriko makubwa ya mto Mississippi yalipotokea mwaka 1927, Shirika la Msalaba Mwekundu liligawa hamira kwa maelfu ya watu walioathirika. Goldberger alifariki kwa saratani ya figo tarehe 17 Januari 1929, akiwa na umri wa miaka 54, kabla ya kujua ni kitu gani hasa kilichokuwa kikikosekana.

Jibu lilipatikana mwaka 1937: ni vitamini iitwayo niasini. Mahindi yanayo, lakini imefungwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuichukua kwa urahisi. Wenyeji wa Mexico, waliokula mahindi tangu kale, waliyachemsha pamoja na chokaa, na hivyo kuifungua. Tena mahindi yana upungufu wa triptofani, kiini cha protini ambacho mwili hukitumia kutengeneza niasini, na ambacho ubongo hukitumia kutengeneza serotonini, mojawapo ya kemikali zinazohusika na utulivu wa moyo na usingizi. Wagonjwa wa pelagra walipopewa niasini, wengi waliokuwa wamechanganyikiwa walirudiwa na akili ndani ya siku chache. Walikuwa wamehesabiwa kuwa watu waliopotea, kumbe walikuwa na njaa iliyojificha.

Maisha ya Goldberger hayafundishi kwamba kila wasiwasi na kila huzuni hutoka jikoni. Yako majonzi yanayotokana na msiba, dhambi, upweke au magonjwa mengine, na mwenye mzigo huo anahitaji daktari, marafiki na maombi. Lakini maisha hayo yanaonya dhidi ya kumhukumu upesi mtu aliyevunjika moyo kwamba hana imani. Ugali ni chakula chema, na ukiwa na maharage, kunde, karanga au maziwa, pamoja na mboga za majani, unakuwa bora zaidi. Danieli aliomba apewe mtama na maji, na Mungu akabariki uamuzi wake. Kwa mjane ambaye sahani yake ina ugali na chumvi tu, ujumbe wa afya huanza pale jirani anapobisha hodi na kibaba cha maharage. Isaya anauita huo mfungo ambao Bwana ameuchagua, na anasema kwamba baada yake afya hutokea mara.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini malaika alimpa Eliya chakula na usingizi kabla ya Bwana kusema naye kule Horebu? Jambo hilo linafundisha nini kuhusu namna ya kumsaidia mwenye wasiwasi au huzuni?

2. Wafikirie watu wa kanisa lako walioonekana kuwa wavivu, wakali au baridi kiroho. Ni maswali gani ya upole yangeulizwa kabla ya kutoa hukumu?

3. Viongozi walikataa msaada kwa sababu ya aibu. Darasa lako linawezaje kuwasaidia wenye upungufu wa chakula bila kuwaaibisha? Amueni jambo moja la kufanya juma hili.